Kutembelea nyumba walimokulia John Lennon na Paul McCartney, Liverpool: hatua kwa hatua

Mara ya kwanza nilipofika Menlove Avenue niliishia getini. Nilitoka London alfajiri, nikapanda treni, nikapanda basi, mvua ikanilowesha mabega, na nyumba namba 251 hiyo hapo mbele yangu, kibao chake cha buluu ukutani. Kuingia sikuweza. Sikuwa na tiketi, na nyumba ile haiuzi tiketi mlangoni. Nilisimama kama dakika 10 nikikitazama kibaraza chenye vioo kilicho mbele ya mlango, kisha nikageuka kurudi mjini. Mwaka uliofuata nilikwenda tena, safari hiyo nikiwa nimejipanga. Nimeandika mwongozo huu ili wewe uingie mara ya kwanza.

Nyumba zenyewe ni 2, za vijana wawili waliokuja kuwa waimbaji na watunzi wa Beatles, bendi maarufu ya Liverpool ya miaka ya 1960. Moja inaitwa Mendips, ndiyo hiyo ya 251 Menlove Avenue katika mtaa wa Woolton, alikolelewa John Lennon tangu akiwa na umri wa miaka 5 hivi hadi mwaka 1963. Nyingine ni namba 20 Forthlin Road, Allerton, alikoishi Paul McCartney na baba yake na mdogo wake kuanzia mwaka 1955 hadi 1964. Zote zinatunzwa na National Trust, shirika la hifadhi la Uingereza lililoanzishwa mwaka 1895, ambalo watu wamezoea kuliona likitunza majumba ya makabaila, mashamba yao na fukwe. Forthlin Road ni kota ya halmashauri. Trust waliichukua mwaka 1995 na kuifungulia wageni mwaka 1998. Mendips ilinunuliwa na Yoko Ono, mjane wa John, akaikabidhi kwa Trust mwaka 2002, na milango ikafunguliwa Machi 2003. Mwaka 2012 nyumba zote mbili ziliingizwa katika orodha ya majengo yanayolindwa kisheria.

Kabla ya hatua yoyote, shika hili moja. Ukienda kule ukitarajia makumbusho ya kabati za vioo, gitaa limelazwa kwenye mahameli na suti za jukwaani zimening'inizwa, utatoka umenuna. Samani nyingi utakazoziona zimetafutwa ili zifanane na zilizokuwapo. Kilicho cha asili ni kuta, ngazi, milango, upana wa vyumba, na namna sauti inavyotembea ndani ya vyumba hivyo. Nenda ukasikilize. Kila ushauri ulio hapa chini nimeutoa nikiwa na hilo kichwani.

Hatua ya 1: Maliza mambo ya safari

Kwa mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda, Uingereza ni lazima viza ya matembezi, na maombi yake hufanywa kwa intaneti kabla ya kwenda kutoa alama za vidole. Kwa kawaida uamuzi huchukua wiki 3 hivi, lakini usikate tiketi ya ndege kwa kuzihesabu siku hizo. Jipe miezi 2 au 3. Wenzetu mnaoishi huko huko, hatua hii haiwahusu.

Kutoka London, treni za kwenda Liverpool huondoka kituo cha Euston na kushushia Lime Street, safari ya saa 2 na ushee. Tiketi ya treni inayonunuliwa wiki kadhaa mapema huwa nafuu sana kuliko ya siku hiyo hiyo, na tofauti hiyo peke yake yaweza kukulipia kulala usiku mmoja Liverpool. Lala. Safari ya kwenda na kurudi siku moja inakufanya uingie nyumba ya kwanza ukiwa umechoka na utoke ya pili ukitazama saa.

Na kama Ulaya haimo katika mipango yako mwaka huu, Mji Mkongwe Zanzibar, mtaa wa Shangani, kuna makumbusho ya Freddie Mercury yaliyofunguliwa mwaka 2019. Yeye alizaliwa Unguja mwaka 1946, jina lake Farrokh Bulsara, na familia yake iliondoka mwaka 1964. Pale hakuna haja ya basi maalumu wala viza. Ukishuka boti unatembea kwa miguu. Mengi ya yale nitakayoyasema kuhusu namna ya kutembelea nyumba ya mwanamuziki yatakufaa huko pia.

Hatua ya 2: Kata tiketi ya Trust, na uikate mapema

Hapa ndipo nilipokwama mimi. Njia ya kuingia ndani ni moja tu: ziara ya pamoja inayoandaliwa na National Trust wenyewe, ikitumia basi dogo. Huwezi kwenda na gari lako, huwezi kwenda kwa miguu ukabisha hodi. Kampuni nyingine nyingi mjini zina mabasi ya kuzungusha wageni kwenye maeneo ya Beatles, na wengine hukupitisha mbele ya nyumba hizi ukapiga picha ya nje, lakini ndani hawakuingizi. Watu hulipia ziara hizo wakidhani wataingia. Soma vizuri unacholipia.

Tiketi zinauzwa kwenye tovuti ya National Trust. Nyumba hufungwa majira ya baridi, na hata msimu ukiwa wazi si kila siku ya wiki kuna ziara, kwa hiyo chagua tarehe ya ziara kwanza, halafu ndipo ununue treni na hoteli. Watu wengi hufanya kinyume. Nafasi ni chache kwa sababu vyumba ni vidogo na kila kundi ni la watu wa basi moja tu. Miezi ya 6, 7 na 8 huwahi kujaa.

Jambo dogo ambalo limewaponza Waswahili wengi: tiketi ikisema 10:00, hiyo ni saa 4 asubuhi kwa hesabu yetu. Iandike kwa namna zote mbili kwenye simu yako. Basi halisubiri.

Angalia pia tiketi inasema unaondokea wapi. Kuna ziara zinazoanzia Speke Hall, jumba la kale la Trust, na nyingine zimekuwa zikianzia kituo cha treni cha Liverpool South Parkway, na sehemu hizo mbili haziko pamoja.

Kama una matatizo ya magoti au unasafiri na mzee, waambie Trust wakati wa kukata tiketi. Ngazi za nyumba zote ni nyembamba na zimesimama.

Hatua ya 3: Wajue wenye nyumba kabla hujaingia kwao

Wengi hujiandaa kwa kusikiliza nyimbo. Nyimbo unazijua tayari. Jiandae kwa kuwajua watu, kwa maana mwongoza wageni atawataja kwa majina ya kwanza kana kwamba wako jikoni, na usipowajua utakuwa umesimama nje ya mazungumzo.

Anza na Mendips. Mwenye nyumba ni Mary Smith, ambaye kila mtu alimwita Mimi. Sisi jina hilo linatupa kazi kidogo ya ulimi, lakini yeye mwenyewe ni mtu tunayemfahamu. Alikuwa dada mkubwa wa Julia, mama mzazi wa John. Kwa Kiingereza wanamwita shangazi, neno lao moja linalowabeba ndugu wote wa kike wa pande zote mbili. Kwa Kiswahili yeye ni mama mkubwa, na mara tu ukimwita hivyo habari yote inafunguka: baba yake John, Alfred, alikuwa baharia asiyekaa nyumbani, ndoa ikavunjika, mama mkubwa, ambaye hakujaliwa mtoto, akamchukua kijana akamlea. Ni nani kati yetu hana mtu katika ukoo wake aliyelelewa hivyo? Mumewe, George Smith, alikuwa mpole kuliko yeye, na ndiye aliyempakata John akimfundisha kusoma kwa gazeti la jioni. Alifariki mwaka 1955, John akiwa na miaka 14.

Julia hakuwa mbali. Aliishi Blomfield Road, umbali wa kutembea kwa kijana mwenye miguu, na John alipokua alianza kwenda kwake mara kwa mara. Julia alijua kupiga banjo. Gitaa la kwanza la John alinunuliwa na Julia, na kwanza alilishika kama banjo kwa sababu ndivyo mama alivyomwonyesha vidole. Lilikuwa la aina ya Gallotone Champion, la bei rahisi, limetengenezwa Afrika Kusini na Gallo, kampuni ile ile ya Johannesburg iliyotoa santuri za wanamuziki wengi wa bara letu. Gitaa hilo lilipigwa mnada London mwaka 1999 kwa zaidi ya pauni 100,000. Kila ninapofikiri kwamba gitaa la kwanza la John Lennon lilitoka Afrika nashangaa kwamba hatulisemi hilo mara nyingi zaidi.

Mama mkubwa yeye hakulipenda lile gitaa. Maneno yake yanajulikana na kila mpenzi wa Beatles: gitaa ni zuri kujifurahisha, lakini hutapata riziki kwalo.

Forthlin Road ni hadithi ya baba. Jim McCartney aliuza pamba kwa mshahara wa kawaida, na ujanani aliwahi kuwa na bendi yake ya jazi. Mkewe, Mary, alikuwa mkunga. Walihamia kota ile mwaka 1955 wakiifurahia kwa sababu ilikuwa mpya na safi kuliko walikotoka. Tarehe 31 Oktoba 1956 Mary alifariki baada ya upasuaji wa saratani ya matiti. Paul alikuwa na miaka 14 na mdogo wake, Michael, miaka 12. Kwa hiyo nyumba utakayoiona ni ya wanaume watatu waliobaki peke yao, na hilo linaonekana mpaka ukutani, kama nitakavyoeleza.

John naye alimpoteza Julia, Julai 1958. Vijana hao wawili walikuwa na jambo ambalo hawakuhitaji kuelezana.

Hatua ya 4: Siku yenyewe

Ukianzia Speke Hall, wahi kwa saa nzima. Ni jumba la mbao na plasta, nyeupe na nyeusi, la enzi za wafalme wa Tudor, karne ya 16, na liko jirani kabisa na uwanja wa ndege wa Liverpool, ambao tangu mwaka 2001 unaitwa kwa jina la John Lennon. Unatazama jumba la kabaila, ndege inanguruma juu ya kichwa, na dakika 20 baadaye unashushwa mbele ya kota. Utaona shirika lile lile limelinda vyote viwili kwa uzito mmoja.

Tumia choo cha Speke Hall kabla ya kupanda basi. Chukua koti la mvua hata jua likiwaka. Mizigo mikubwa iache hotelini, maana ndani ya nyumba mikoba huachwa mlangoni, na picha za ndani haziruhusiwi. Watu hulalamika sana kuhusu hili la picha, na mimi nililalamika moyoni, lakini baada ya nusu saa nilielewa: kundi la watu 12 wenye simu mikononi ndani ya chumba cha kulala cha mtoto lisingesikia chochote. Picha za nje piga upendavyo. Ndani, chukua daftari dogo na penseli.

Hatua ya 5: Ndani ya Mendips

Mendips ilijengwa mwaka 1933. Ni nyumba pacha, imeungana ukuta mmoja na jirani, na kwa viwango vya Liverpool ya wakati ule ilikuwa ya watu wa uwezo. John alipokuja kujiita mtoto wa tabaka la wafanyakazi, nyumba hii ilimkatalia. Tazama vioo vya rangi vilivyounganishwa kwa madini ya risasi kwenye madirisha. Tazama, kwenye chumba cha nyuma ya jiko, kengele za kumwitia mtumishi, zilizowekwa na waliotangulia. Akina Smith hawakuwa na mtumishi. Mimi aliwapangisha wanafunzi ili nyumba isimame.

Mtazunguka na kuingilia mlango wa jikoni, kwa sababu ndivyo Mimi alivyotaka John na marafiki zake waingie. Usiharakishe hapo. Simama jikoni ukisikilize chumba: kidogo, sauti inarudi haraka, na ukinyamaza unasikia magari ya Menlove Avenue. Mtoto aliyekulia hapa alisikia barabara siku zote.

Halafu panda ghorofani. Chumba cha John kiko mbele, juu ya mlango mkubwa. Kitanda kimoja, dirisha, na nafasi ya mtu mmoja kugeuka. Mnaingia wawili wawili au watatu. Ushauri wangu ni uwe wa mwisho. Waache wenzako waingie na kutoka, kisha ukae mle peke yako kwa nusu dakika utakayoipata. Kuta zina picha za Elvis Presley na Brigitte Bardot, kama alivyozibandika kijana wa miaka ile. Wimbo wa «Please Please Me», uliowafikisha Beatles juu mwaka 1963, John alisema aliutungia katika nyumba hii.

Sasa kibaraza. Ndicho nilichokuja kwacho, na wengi hukipita kama korido ya kutokea. Kiko baina ya mlango wa nje na mlango wa ndani, kina vioo pande zote, sakafu ngumu, upana wake hautoshi mkeka. Mimi hakutaka kelele sebuleni, akawafukuzia humo vijana na magitaa yao. Nao wakagundua kwamba mle ndani sauti inapendeza. Vioo na sakafu vinairudisha. Gitaa la bei rahisi linasikika kama gitaa la bei mbaya, na sauti mbili zikiimba pamoja zinashikana. Wakawa wanakwenda wenyewe bila kufukuzwa.

Mwombe mwongozaji akuruhusu usimame humo milango yote miwili ikiwa imefungwa. Halafu imba. Silabi moja tu inatosha, au piga makofi mara moja. Mimi niliimba mstari wa kaswida niliyofundishwa na bibi, kwa sauti ya chini, kwa sababu ndiyo iliyonijia. Sauti ilinirudia ikiwa imenenepa. Mwongozaji alinyamaza, mzee mmoja wa Kijapani aliyekuwa nami aliinamisha kichwa, na kwa sekunde chache nilielewa kitu ambacho vitabu vyote nilivyosoma havikunielewesha. Hawa wawili walifundishwa na kibaraza.

Sisi tulio na baraza mbele ya kila nyumba, tukae tulifikirie hilo.

Ukitoka, rudi utazame kibao cha buluu. Kiliwekwa Desemba 2000, kwa kuwa kanuni inataka mtu awe amefariki miaka 20 kwanza, na John aliuawa New York Desemba 1980. Forthlin Road hutakiona kibao kama hicho, kwa sababu njema kabisa: Paul yuko hai.

Hatua ya 6: Ndani ya Forthlin Road

Huu ni mtaa wa watu. Pande zote za namba 20 kuna familia zinaishi, nguo zimeanikwa, watoto wanatoka shule. Ongea kwa sauti ya chini, usisimame kwenye geti la jirani kupiga picha, na ukikutana na mtu msalimie. Walinivumilia, na nadhani ni kwa sababu tulisalimiana.

Nyumba ni ya halmashauri, katika safu ya kota zilizojengwa baada ya Vita Kuu ya Pili. Sebule iko mbele. Inama utazame zulia: ni vipande vilivyounganishwa, si zulia moja. Tazama kuta: karatasi za ukutani ni za aina tofauti, kwa sababu Jim alinunua mabaki ya roli yaliyouzwa bei ya chini. Hapo ndipo unapomwona mjane wa kiume akiwalea vijana wawili kwa mshahara mmoja. Trust waliweza kurudisha hali hiyo kwa sababu Michael, yule mdogo, alipenda kamera tangu utotoni, na picha zake za familia zinaonyesha nyumba ilivyokuwa. Nyingi zimetundikwa mahali pale pale zilipopigwa.

Tafuta picha ya mwaka 1962 inayowaonyesha John na Paul wamekaa karibu na mahali pa moto, magitaa mapajani, wakitazama daftari sakafuni. Isome, kisha nyanyua macho: mahali pa moto ni hapo hapo. Paul anatumia mkono wa kushoto, John wa kulia, kwa hiyo wakikaa wakielekeana kila mmoja aliusoma mpangilio wa vidole vya mwenzake kwenye nyuzi kama anajitazama kwenye kioo. Walikuwa wakitoroka shule mchana, Jim akiwa kazini, na kuandika hapa. Kwenye daftari la shule walianza ukurasa kwa kutangaza kwamba huu ni wimbo mwingine halisi wa Lennon na McCartney, na wakati huo hakuna aliyekuwa amewaomba hata mmoja. Tumbaku ikikosekana walijaza majani ya chai kwenye kiko cha Jim wakavuta. Paul mwenyewe ameyasimulia hayo mara nyingi.

Humo humo ndani ndimo walimomalizia «She Loves You» mwaka 1963. Walikwenda kumwimbia Jim, naye akawauliza kwa nini wasiitikie kwa Kiingereza sanifu badala ya lile neno la Kimarekani, «yeah». Hawakumsikiliza. Wazee wetu wangapi wamesema hivyo hivyo kuhusu Kiswahili cha bongo fleva?

Piano ya familia ilinunuliwa katika duka la akina Epstein, NEMS, miaka mingi kabla Brian Epstein hajawa meneja wa Beatles. Kuna piano sebuleni leo. Muulize mtunzaji kama inaruhusiwa kuguswa. Akikubali, gusa noti moja, uiache ife yenyewe, usikilize inavyoisha ndani ya chumba chenye vitambaa na mazulia. Haina mwangwi. Ni sauti kavu, ya karibu, ya watu wanaokaa goti kwa goti. Linganisha na kibaraza cha Mendips. Nyumba moja iliwapa mwangwi, nyingine iliwapa ukimya wa kusikia maneno.

Juu ghorofani kuna vyumba vitatu. Jim alipitisha waya kutoka kwenye redio ya chini hadi vitandani, akawapa vijana vipokea sauti vya masikioni ili wasikilize Radio Luxembourg usiku, kituo kilichopiga muziki ambao redio ya taifa haikuupiga. Baba huyo anastahili kutajwa zaidi kuliko anavyotajwa. Akampa Paul tarumbeta siku ya kuzaliwa. Paul akaona kwamba huwezi kuimba huku unapuliza, akaomba ruhusa ya kulibadilisha kwa gitaa, na Jim akakubali.

Paul hakurudi ndani ya nyumba hii mpaka mwaka 2018, alipoletwa na kipindi kimoja cha televisheni cha Marekani. Na mwaka 2022, alipotimiza miaka 80, Trust waliwapa wanamuziki chipukizi nafasi ya kutunga na kupiga humo humo. Hilo lilinifurahisha kuliko urejeshaji wote wa karatasi za ukutani.

Maswali ya kumuuliza mtunzaji, kama muda upo: hiki ni cha asili au kimetafutwa? Mlijuaje? Mlango huu ulikuwa ukifungwa? Watunzaji wengi hawajibu kwa haraka, wanaenda kukuonyesha.

Hatua ya 7: Yaliyo jirani

Basi litawarudisha mlikoanzia. Usiende mjini. Rudi Woolton kwa usafiri wa kawaida, kwa kuwa mambo mawili muhimu yako karibu na Mendips.

La kwanza ni kanisa la St Peter's. Tarehe 6 Julai 1957, kwenye sherehe ya kanisa, bendi ya John iliyoitwa Quarrymen ilipiga uwanjani, na jioni ndani ya ukumbi ng'ambo ya barabara rafiki yao mmoja akamtambulisha Paul kwa John. Mmoja alikuwa na miaka 16, mwingine 15. La pili ni Strawberry Field, Beaconsfield Road, iliyokuwa nyumba ya watoto ya Jeshi la Wokovu na ambako John alikuwa akienda kucheza. Ilifungwa mwaka 2005, ikafunguliwa kwa wageni mwaka 2019.

Nyumba walizozaliwa wenzao wawili wa Beatles, George Harrison (12 Arnold Grove) na Ringo Starr (9 Madryn Street), zitazame kwa nje tu.

Kama miguu inakubali, tembea kutoka Forthlin Road hadi Mendips. John na Paul walikatiza uwanja wa gofu wa Allerton wakiwa na magitaa mgongoni. Wewe kama huijui njia pita barabarani, ni zaidi kidogo ya dakika 20. Utafikia Menlove Avenue, barabara pana ya njia mbili yenye miti katikati. Magari hukimbia. Jioni ya tarehe 15 Julai 1958 Julia alitoka kumtembelea dada yake, akaagana naye, akaanza kuivuka barabara hii kwenda kituo cha basi, na gari likamgonga. John alikuwa Blomfield Road, nyumbani kwa mama yake, akimsubiri arudi.

Vuka polepole. Ukifika upande wa pili geuka uitazame nyumba: saa hiyo milango imefungwa, na taa ya barabarani inaangukia vioo vya kibaraza.